Yadi 137 na maji pande zote

Shimo la 17 la uwanja wa gofu wa TPC Sawgrass, kule Ponte Vedra Beach katika jimbo la Florida, Marekani, lina urefu wa yadi 137 tu. Kwa mchezaji wa kulipwa hiyo ni kazi ya weji, fimbo ya mapigo mafupi, au ya chuma namba 9 upepo ukiwa usoni; pigo alilolirudia tangu utotoni mpaka mkono ukalizoea. Njia haina kona, haina mti wa kuukwepa. Kuna grini, yaani kipande cha nyasi fupi chenye tundu na bendera, kuna maji yanayoizunguka, kuna kijia chembamba cha kuingilia kwa miguu, basi. Katika mashindano ya Players ya mwaka 2007 mipira 50 ilizama hapo siku ya kwanza peke yake, na mchuano ulipomalizika Jumapili hesabu ilikuwa imefika 93. Na waliokuwa wakipiga ni miongoni mwa wachezaji bora kabisa duniani.

Yaondoe maji yale, panda nyasi, na shimo hilo litakuwa jepesi kuliko yote uwanjani. Umbali ungekuwa uleule na fimbo ileile. Kinachotofautiana ni gharama ya kukosea. Mchezaji wa wikendi anayeuingia uwanja wa maji akidhani unapima nguvu za mabega hutoka na mfuko mtupu wa mipira, kwa sababu uwanja wa aina hii unakuuliza kama unaijua bei kabla hujapiga. Watu wengi hawaijui. Nimewaona waliocheza gofu miaka nenda miaka rudi wakibishana ukingoni mwa bwawa kuhusu mahali pa kudondosha mpira, kila mmoja na kanuni yake, na mwisho anashinda mwenye sauti kubwa.

Kwanza tuseme maji yenyewe yalifikaje pale, maana hilo peke yake lina faida kwa mchezaji. Eneo la Sawgrass lilikuwa kinamasi. Deane Beman, kamishna wa wakati huo wa PGA Tour, mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa Marekani, alipata ekari 415 kwa dola 1, bei inayokueleza thamani ya ardhi ile machoni pa wenyewe. Akamkabidhi mchoraji wa viwanja Pete Dye. Sasa, kujenga uwanja kwenye kinamasi kuna njia moja tu: unachimba huku ili uinue kule. Udongo unaotoka unakuwa fewei, njia za nyasi zilizofyekwa, na vilima vya watazamaji, na shimo linalobaki linajaa maji. Kwenye shimo la 17 mchanga uliokuwepo ulikuwa mzuri kuliko kwingine, hivyo mafundi waliendelea kuuchota na kuupeleka sehemu nyingine za uwanja, mpaka ikabaki ardhi kidogo katikati ya shimo kubwa. Mpango wa awali ulikuwa wa bwawa la upande mmoja tu. Alice Dye, mkewe Pete na mchezaji hodari kwa haki yake, ndiye aliyependekeza kwamba kwa hali ilivyofikia, heri wakiache kiwe kisiwa. Uwanja ukafunguliwa 1980, Players ya kwanza hapo ikachezwa 1982, na mshindi Jerry Pate akamsukuma Beman majini, akamsukuma na Dye, kisha akajirusha mwenyewe.

Mabwawa mengi ya viwanja vya gofu yana asili kama hiyo, au yana kazi ya nyumbani kabisa: kuhifadhi maji ya kumwagilia nyasi wakati wa kiangazi. Huku kwetu, mabwawa ya viwanja vya milimani yanafanya kazi hiyo kwanza, na kumsumbua mchezaji baadaye. Kwa vyovyote vile, maji hukaa bondeni. Ardhi inayoyazunguka inaelekea kwayo, na mpira unaotua yadi kumi kutoka ukingoni haujasalimika mpaka usimame. Hata grini iliyo kando ya bwawa mara nyingi inavuta kuelekea maji kuliko jicho linavyoonyesha. Makedi, wabeba fimbo za wachezaji, wanalijua hilo bila kufundishwa na mtu. Mgeni hulijua baada ya kulipa.

Tuje kwenye kanuni, ambako mambo yamesukana kweli.

Tangu marekebisho makubwa ya mwaka 2019, yaliyofanywa kwa pamoja na R&A na USGA, vyombo viwili vinavyotunza kanuni za gofu duniani, bwawa, mto, mfereji na hata bonde kavu lililowekewa alama vyote huitwa eneo la adhabu. Alama zake ni vigingi au mistari ya rangi mbili, njano na nyekundu. Mpira ukiingia humo, una hiari ya kuupiga ulipo bila adhabu yoyote, kama unauona na kama una nguo za kubadilisha. Kabla ya 2019 ilikuwa mwiko kugusa maji au ardhi kwa fimbo kabla ya kupiga. Siku hizi unaruhusiwa. Usipotaka kuupiga ulipo, unaongeza mkwaju mmoja wa adhabu na kuchagua.

Kwenye njano machaguo ni mawili. La kwanza, rudi ulikopigia mwanzo ukapige tena. La pili, tafuta pale mpira ulipoukata ukingo wa eneo la adhabu kwa mara ya mwisho, halafu vuta mstari ulionyooka kutoka kwenye shimo, upite hapo kwenye ukingo, uendelee nyuma. Katika mstari huo unaweza kurudi nyuma umbali wowote upendao ukadondoshe mpira. Kwenye nyekundu yote hayo yapo, pamoja na la tatu: kudondosha ndani ya urefu wa fimbo mbili kutoka pale ulipoukata ukingo, bila kulisogelea shimo. Mpira unadondoshwa kutoka usawa wa goti. Enzi za kunyoosha mkono kutoka begani zimepita, ingawa wazee wa klabu bado wanafanya hivyo na hakuna anayethubutu kuwaambia.

Ukisoma hivyo inaonekana nyepesi. Uwanjani kuna mitego mitatu.

Mtego mkubwa ni huo wa kuukata ukingo. Sogea karibu na bwawa lolote Jumamosi asubuhi utasikia mazungumzo ya namna hii kati ya mchezaji na kedi wake:

"Mzee, mpira umeukata ukingo pale kwenye mgunga, si hapa."

"Lakini umezama hapa mbele, kijana. Sote tumeona maji yakiruka."

"Maji yameruka hapa, mzee. Ukingo umekatwa kule nyuma."

Kedi yuko sahihi. Mahali maji yaliporuka hapana kazi yoyote katika kanuni. Mpira unaweza kuvuka ukingo yadi 150 nyuma, ukasafiri juu ya bwawa zima ukikunja kushoto, ukazama hatua chache kutoka kwenye grini. Sehemu yako ya kuhesabia ni kule ulikovukia mwanzo. Mchezaji anayetembea hadi kwenye viputo na kudondosha pembeni mwake amejipa zawadi ya yadi 150, na kama ni mashindano, amecheza kutoka mahali pasipo halali na adhabu yake ni mikwaju miwili, au kuondolewa kabisa kama kosa ni kubwa na hakulirekebisha. Kinyume chake pia hutokea: mpira uligonga ng'ambo, ukagusa nyasi, kisha ukarudi majini kwa kuviringika. Hapo ukingo wa mwisho uliokatwa ni wa ng'ambo, na kama alama ni nyekundu, mchezaji asiyejua hilo anarudi nyuma kujiadhibu bure.

Mtego wa pili ni kuchanganya machaguo mawili likawa moja. Mfano wake maarufu ni wa mtu ambaye huwezi kumwita mgeni wa gofu. Aprili 2013, katika mashindano ya Masters kwenye uwanja wa Augusta National, Tiger Woods alipiga pigo zuri mno kwenye shimo la 15: mpira uligonga nguzo ya bendera ukarudi hadi bwawani. Akaamua kurudi alikopigia. Kanuni ikitaka adondoshe karibu kadiri iwezekanavyo na pale pale, yeye akarudi nyuma kama yadi mbili, ili safari hii mpira usifike kwenye nguzo. Akalieleza hilo mwenyewe kwenye mahojiano baada ya mchezo, bila wasiwasi. Kurudi nyuma unapotaka ni haki ya chaguo la mstari. Ukichagua kupigia ulikopigia, huna haki hiyo. Kesho yake kamati ilimwongezea mikwaju miwili, na 71 yake ya siku ile ikawa 73. Wengi walisema alistahili kuondolewa kabisa. Mimi naona kisa kile kimefundisha kanuni kwa watu wengi kuliko semina zote za klabu.

Mtego wa tatu unahusu uhakika. Ili utumie kanuni ya eneo la adhabu ni lazima ijulikane, au iwe karibu hakika, kwamba mpira umeingia humo. Kudhani hakutoshi. Kama kati yako na bwawa kuna rafu, nyasi ndefu zisizofyekwa, ambayo ingeweza kuumeza mpira, na hakuna aliyeona ukizama, mpira huo ni uliopotea: una dakika tatu za kuutafuta, kisha unarudi ulikotoka na adhabu juu. Na kama ni hakika umezama, huruhusiwi kupiga mpira wa akiba. Ukiupiga, huo ndio unaokuwa mpira wako wa mchezo, umeshachagua kupiga tena kutoka pale pale na adhabu yake, na huwezi kurudisha nyuma.

Juu ya haya kuna kanuni za nyumbani, ambazo kila klabu inajiwekea ndani ya mipaka iliyopewa. Kwenye shimo la 17 la Sawgrass kuna mahali maalumu pa kudondoshea ng'ambo hii ya maji, kwa sababu kisiwa hakina pembeni pa kudondoshea. Klabu ya gofu ya Jinja, Uganda, ilijipatia sifa duniani kwa kanuni yake kwamba mpira ukitumbukia kwenye unyayo wa kiboko, unauinua na kuuweka kando bila adhabu. Watalii hucheka. Mwenyeji wa kando ya Nile anayejua kina cha unyayo wa kiboko kwenye tope hacheki.

Sasa kuhesabu. Pigo la kwanza linazama: huo ni mkwaju wa 1. Adhabu: 2. Pigo linalofuata ni la 3. Nimesikia watu wazima, waliosoma, wakiuita wa 2. Bob Tway, bingwa wa zamani wa PGA Championship, alizamisha mipira minne pale kwenye 17 mwaka 2005. Ifuate: 1, adhabu 2, 3, adhabu 4, 5, adhabu 6, 7, adhabu 8, wa 9 ukakaa kwenye grini. Akausukuma mara tatu kwenye grini ndipo ukaingia shimoni. Jumla 12 kwenye shimo linalotarajiwa mikwaju 3. Mwaka 2021 Byeong Hun An wa Korea Kusini naye alizamisha minne, akasukuma mara mbili, akaandika 11. Na kwa upande wa pili wa hesabu hiyohiyo yuko Fred Couples, mwaka 1999: mpira wa kwanza majini, akapiga tena kutoka kwenye tii, mahali pa pigo la kwanza, mpira ukatumbukia shimoni moja kwa moja kutoka hewani. Mkwaju wa 1, adhabu 2, wa 3. Akaandika pa, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa, kama vile hakuna kilichotokea.

Hizo ni bei za baada ya kukosea. Hesabu yenye faida zaidi ni ile inayofanywa ukiwa bado umesimama kwenye tii, fimbo mkononi.

Chukua mfano wa kubuni. Grini iko ng'ambo ya maji na bendera imechomekwa yadi nne tu kutoka kwenye ukingo wa kulia. Tuseme ukiilenga bendera, mipira mitatu kati ya kumi itazama, kila mmoja ukikugharimu jumla ya mikwaju 5: pigo, adhabu, pigo la tatu likae kwenye grini, kusukuma mara mbili. Ile saba iliyobaki itakuwa karibu na bendera, na baadhi utaisukuma mara moja tu. Tuipe wastani wa 2.8. Ukijumlisha, wastani wako ni 3.46. Sasa lenga katikati ya grini. Mpira mmoja tu kati ya kumi unazama, 5. Ile tisa inabaki mbali na bendera, unasukuma mara mbili kila mara, 3 kamili. Wastani: 3.2. Umeokoa robo ya mkwaju kwa kugeuza miguu kidogo. Kwenye uwanja wenye mashimo kumi ya namna hiyo, hiyo ni zaidi ya mikwaju miwili kwa raundi, bila kununua fimbo mpya na bila kwenda kwa mwalimu.

Hesabu hiyo ina sharti moja gumu: uujue ukweli wa mapigo yako. Muulize mchezaji wa wikendi chuma namba 7 anakipiga umbali gani, atakutajia umbali wa pigo lake bora la mwaka. Maji hayajui pigo lako bora. Yanapokea pigo lako la kawaida, na la kawaida huwa fupi. Ndiyo maana mipira mingi ya wasio wa kulipwa huzama upande wa mbele wa bwawa, si nyuma ya grini. Kama maji yako mbele na nyuma ya grini kuna nyasi, chukua fimbo moja kubwa zaidi, yaani yenye namba ndogo, na upige kwa utulivu. Shida ni kwamba kiburi hakitaki kuonekana na namba 6 pale mwenzako alipopiga na namba 8.

Wanaosafiri wana la ziada la kuangalia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi na mpira unakwenda mbali. Mchezaji wa Muthaiga au Karen akishuka hadi Vipingo, Kilifi, anakuta fimbo zake zote zimefupika, na upepo wa kusi juu yake. Kwa kuvuka maji ya yadi 150, tofauti hiyo ni ya kutosha kabisa kuzama. Mkaazi wa Dar es Salaam anayepanda Arusha anapata kinyume chake, na kama maji yako nyuma ya grini, yatampata vilevile.

Mfano mzuri wa kulenga mahali pasipo na bendera ulionekana mbele ya dunia nzima Aprili 2019, tena Augusta, shimo la 12. Ni yadi 155, kijito cha Rae's Creek mbele ya grini nyembamba, na Jumapili bendera huwekwa kulia, upande ambao pigo fupi kidogo linateleza majini. Francesco Molinari alikuwa anaongoza kwa mikwaju miwili. Katika makundi mawili ya mwisho wachezaji wanne walizamisha mipira yao hapo: Brooks Koepka na Ian Poulter, kisha Molinari na Tony Finau. Woods, aliyekuwa na Molinari na Finau na ameona mpira wa Molinari ukizama, hakuitazama bendera. Akapiga kushoto, juu ya bunka, shimo la mchanga, katikati ya grini, akasukuma mara mbili, akaondoka na 3. Saa chache baadaye alikuwa amevaa koti la kijani la bingwa wa Masters kwa mara ya tano. Mwaka uliofuata, kwenye shimo lilelile, mtu huyohuyo alizamisha mipira mitatu na kuandika 10, wakati hakuwa tena na nafasi ya kushinda.

Hapo tunaingia kwenye jambo ambalo si kanuni wala hesabu, ingawa linaziharibu zote mbili: pigo linalofuata baada ya kuzama. Jordan Spieth aliongoza Masters ya 2016 kwa mikwaju mitano alipomaliza mashimo tisa ya kwanza ya Jumapili. Akapoteza mkwaju kwenye la 10, mwingine kwenye la 11, na kwenye la 12 mpira ukaingia kijitoni. Mpaka hapo bado angeweza kutoka na 5 na kuendelea kupigania taji. Akadondosha nyuma, kama yadi 80, pigo ambalo kijana wa sekondari mwenye mazoezi analiweza, akachimba ardhi nyuma ya mpira, nao ukazama kabla hata haujakaribia grini. Saba. Danny Willett akachukua taji. Sergio Garcia naye, mwaka 2013, alikuwa sare na Woods kileleni mwa Players aliposimama kwenye tii ya 17. Akaukosa ukingo wa grini, mpira ukazama. Akapiga tena, ukazama tena. Saba, na kwenye shimo la 18, ambalo lina maji upande wote wa kushoto kuanzia tii hadi grini, akazamisha mwingine.

Mpira wa kwanza wa Spieth ulikuwa kosa la hatua chache. Wa pili ulipigwa na mtu ambaye bado alikuwa analitazama pigo la kwanza. Dawa ambayo wachezaji wazoefu hutumia haina uchawi: usidondoshe haraka. Muulize kedi umbali upya, hata kama unadhani unaujua. Na kama chaguo la mstari linakuruhusu, rudi nyuma hadi umbali unaoupenda, yadi 100 kamili kwa mfano, badala ya kung'ang'ania yadi 60 zenye nusu pigo. Watu hawapendi kurudi nyuma baada ya kuadhibiwa, wanahisi wanaadhibiwa mara mbili. Kwenye kadi kurudi nyuma hakuna gharama.

Kuhusu vifaa sina mengi. Mpira wa gofu hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93 wala kuwa na kipenyo chini ya milimita 42.67, na ukipiga hesabu ya mpira wenye vipimo hivyo hasa utaona ni mzito kuliko maji. Wa namna hiyo utazama, uwe wa bei gani. Kuna tabia ya kutoa mpira mkuukuu mfukoni mbele ya bwawa ili ukizama usiumie. Siipendi, kwa sababu umeshaupigia kura kwamba utazama, na mwili unasikia. Lakini mpira mpya unagharimu, nami siwezi kumlaumu mtu kwa hilo.

Afadhali kujua kikomo cha hasara. Kwenye mashindano mengi ya klabu mfumo ni wa pointi: ukishafika mahali huwezi kupata pointi kwenye shimo hilo, unauinua mpira, unaandika mstari, unakwenda shimo linalofuata. Hata kwenye hesabu ya handikapu, yaani mikwaju ya ziada anayopewa mchezaji kulingana na kiwango chake, tangu mfumo wa dunia nzima uanze kutumika 2020, shimo moja haliwezi kukuhesabia zaidi ya pa, jumlisha mikwaju miwili, jumlisha mikwaju unayopewa kwa handikapu yako kwenye shimo hilo. Maana yake kuna mahali ambapo bwawa haliwezi tena kukuchukulia kitu. Wachezaji wengi wa klabu zetu wanalipa adhabu ambazo hakuna anayezihesabu, huku kundi la nyuma likisubiri kwenye tii.

Mwaka 1985 jarida la Golf Digest liliwatafuta wapenzi wa gofu wabovu kuliko wote Marekani na kuwapeleka Sawgrass washindane. Angelo Spagnolo alishinda taji hilo kwa kumaliza raundi na mikwaju 257. Kwenye shimo la 17 peke yake aliandika 66. Mpira baada ya mpira ulizama, mpaka akaachana na hewa kabisa, akageukia kijia cha kuingilia na kuusukuma mpira kwa fimbo ya kusukumia, kidogo kidogo, hadi akafika kisiwani. Kwa handikapu ya juu kabisa inayoruhusiwa leo, 54, shimo lile lingemhesabia 8, pengine 9.